Mama hasemi panapomuuma

Dada muuguzi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Muheza. Mimi ni mtoto wa mwisho kati ya watoto watano, na ndiye ninayekaa na mama. Ana miaka 81. Huu ni mwaka wa tano tangu tuambiwe kwamba ana dimenshia. Alianza kwa kusahau sufuria motoni, akaja kusahau majina yetu, na sasa siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Nimeshazoea. Lakini alikuwa mtulivu. Asubuhi nikimkalisha barazani kwenye mkeka na fungu la miyaa, alikuwa anasuka ukili mpaka jua lifike mlangoni. Maneno yalimtoka, vidole havikusahau.

Wiki ya tatu sasa mama amebadilika. Nikimwogesha anapiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Nikimvalisha anakunja uso, anahema haraka haraka, anakaza ngumi na kunisukuma. Juzi nilimchua miguu kwa mafuta ya nazi na karafuu nikidhani ni baridi, akanizaba kofi. Mama yangu hajawahi kunipiga tangu nizaliwe. Usiku anaguna. Halali ila ubavu wa kushoto, na nikimlaza hivyo nikamshika kichwa anatulia kidogo. Uji haumalizi. Ukili hataki hata kuugusa. Kabla ya haya yote kuanza, kama siku mbili hivi, aliteleza uani akitoka msalani, ila aliinuka mwenyewe kwa kushika ukuta akatembea, kwa hiyo hatukulitilia maanani. Dada wa kazi ameondoka, anasema bibi amekuwa mkali.

Nikimuuliza, "Mama, unaumwa?" ananijibu, "Sijambo, alhamdulillahi," na hapo hapo mkono umeng'ang'ania kanga.

Nilimpeleka kwenye kituo cha afya, nikaeleza kwamba mama anasumbua sana na halali. Wakampima malaria, hana. Wakampa diazepam. Nilimpa siku mbili, akalala mchana kutwa hata kumeza maji ikawa shida, nikaacha. Duka la dawa wameniuzia diklofenaki ya maumivu, bado sijampa kwa sababu anatumia dawa za presha na naogopa kuchanganya. Kaka yangu mkubwa anasema wenye ugonjwa huu hawasikii maumivu kwa kuwa ubongo umeshachoka. Kaka wa pili anasema ni jini, anataka kuleta mtu wa kumpunga.

Dada, nitajuaje kama mama ana maumivu wakati hawezi kusema? Au ndiyo ugonjwa umezidi na mimi najisumbua bure?

Mtoto wa mwisho, Muheza

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa kofi lile. Najua halikuuma shavuni.

Kabla ya jambo lolote turudi kwenye sentensi uliyoiandika kama unapita njia: mama aliteleza uani. Siku mbili baadaye ndipo kelele zilipoanza. Tangu hapo halali ila ubavu wa kushoto, na kofi lilikuja uliposhika miguu. Ungekuwa mbele yangu ningekuomba uache kusoma hapa ukatafute usafiri. Mwanamke wa miaka 81 mifupa yake imeshakuwa myepesi, na shingo ya mfupa wa paja inaweza kuvunjika kwa kuanguka kudogo tu. Ukivunjika na vipande vikabanana, mgonjwa anaweza kuinuka na kutembea kwa siku kadhaa, nyumba nzima ikasema hajaumia. Simwoni mama kwa hiyo siwezi kusema ndivyo ilivyo. Ila anayekwepa kulalia kulia huenda anauma huko, kwa hiyo ni lazima nyonga yake ya kulia ipigwe picha, na kesho ni bora kuliko keshokutwa.

Usimpakie kwenye bodaboda. Tafuteni gari ambalo anaweza kuegemea au kulala, mumbebe kwa shuka watu wawili watatu, msimtembeze kumjaribu. Msimchue tena, na fundi wa mifupa asimvute. Kabla ya kutoka mtazame akiwa amelala chali, miguu yote miwili: je, wa kulia unaonekana mfupi kuliko mwenzake, au unyayo umegeukia nje? Ukiona hivyo waambie hapo mapokezi bila kungoja foleni. Kama hospitali ya karibu mashine ya X-ray haifanyi kazi siku hiyo, msirudi nyumbani, endeleeni mpaka Bombo, hospitali ya mkoa kule Tanga. Mkiwa na kitambulisho chake cha msamaha wa matibabu ya wazee, kichukueni. Na jambo hili mlikumbuke: picha ya kwanza huweza kuonekana safi ilhali mfupa una ufa mwembamba. Wakisema hakuna kitu na mama bado anapiga kelele mguu ukiguswa, semeni hivyo hivyo, ombeni aangaliwe tena.

Sasa nikujibu swali lako, kwa sababu hata nyonga ikiwa nzima swali linabaki.

Kaka yako mkubwa amekosea, na kosa lake amelipata kwa watu wengi, hata sisi wenye mavazi meupe tuliwahi kuliamini. Dimenshia inaharibu kumbukumbu, inaharibu njia ya kutafuta neno na kulitoa mdomoni. Maumivu yenyewe haiyaondoi. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020 kiliweka wazi kwamba kusema kwa mdomo ni njia moja tu kati ya nyingi za kuonyesha maumivu, na asiyeweza kusema hatuwezi kumhesabu kuwa haumwi. Na kuna utafiti wa mwaka 2000, wa hospitali moja kubwa ya New York, ambao kila nikiukumbuka roho inaniuma. Waliwalinganisha wazee waliovunjika nyonga: wenye akili timamu na wenye dimenshia ya hatua za mwisho. Mfupa ni ule ule. Wenye dimenshia walipewa theluthi moja tu ya mofini, dawa kali ya maumivu, waliyopewa wenzao. Pengine walipata kidogo kwa sababu hawakuweza kuiomba.

Mimi mwenyewe nina mzee mmoja simsahau. Alikuwa wodini kwetu miaka mingi iliyopita, amesahau hata jina lake. Kila nikimletea chakula anapiga bakuli linamwagika. Kwenye faili lake niliandika kwa mkono wangu "mgomvi." Siku ya tisa mjukuu wake alikuja na embe bivu, babu akalinyonya upande mmoja wa mdomo, na lilipogusa upande wa pili akaruka. Nikachukua tochi. Jino la nyuma lilikuwa limeoza, ufizi umevimba na usaha. Siku tisa nilikuwa namletea wali wa moto. Jino liling'olewa, na ugomvi ukaisha. Kwa hiyo unaponiuliza kama unajisumbua bure, jibu langu ni hapana.

Tuanze na kumuuliza, maana hatuwezi kumvuka mama tukakimbilia kumtazama tu. Wengi wenye dimenshia bado wanaweza kujibu wakiulizwa inavyowafaa. Wewe unamuuliza "unaumwa?" naye anajibu "sijambo." Hiyo si habari ya mwili wake, mdogo wangu. Ni adabu. Ameitikia hivyo kwa miaka themanini, na salamu ni kitu cha mwisho kabisa kumtoka mtu wa kwetu. Tena neno lenyewe kuumwa linabeba malaria, homa, mafua, kila kitu. Achana nalo. Kaa chini mpaka macho yenu yawe sawa, mguse mkono, weka kiganja chako mahali pamoja pa mwili, umuulize jambo moja la sasa hivi: "Hapa panauma?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, maana jibu lake linasafiri polepole. Kama hajajibu badilisha neno: panachoma? panavuta? panakata? panapwita? panawaka? Mtu anaweza kukataa "maumivu" akakubali "panavuta." Usimuulize kuhusu jana, na usimpe ile hesabu ya kupima maumivu kwa sifuri mpaka kumi inayotumika hospitalini, hiyo inahitaji ubongo wenye nguvu. Na kama mama alizaliwa kwenye Kibondei au Kizigua kabla ya kujua Kiswahili, tafuta shangazi au jirani amuulize kwa lugha ile. Lugha ya utotoni mara nyingi hubaki wakati zilizokuja baadaye zimeshaondoka.

Baada ya kuuliza ndipo tunatazama. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha kipimo kifupi cha watu kama mama, kinaitwa PAINAD, na nakipenda kwa sababu hakihitaji mashine. Unatazama mambo matano, kila moja unalipatia alama 0, 1 au 2. Pumzi: ya kawaida, au anahema kwa shida na haraka. Sauti: kimya, anaguna mara moja moja, au analia na kuita bila kukoma. Uso: umetulia, una huzuni au woga, au umekunjwa kabisa. Mwili: umelegea, una wasiwasi, au umekakamaa, ngumi zimekazwa, magoti yamekunjwa, anasukuma na kupiga. La tano ni kutulizika: hahitaji kubembelezwa, anatulia akisemeshwa au kushikwa, au hakuna kinachomtuliza.

Chukua barua yako mwenyewe. Wakati wa kumwogesha na kumvalisha: anahema haraka haraka, moja. Kelele za kuita majirani, mbili. Uso umekunjwa, mbili. Ngumi, kusukuma, kofi, mbili. Akishikwa kichwa anatulia kidogo, moja. Jumla 8 kati ya 10. Umeshapima, mdogo wangu, bila kujua kwamba unapima.

Ila usiichukue namba hiyo kama unavyoichukua ya kipimajoto. Haisemi maumivu ni makali kiasi gani, na maji ya baridi, njaa, woga, au aibu ya kuvuliwa nguo mbele ya mtu asiyemjua huweza kumfanya mzee apige kelele zile zile. Ndiyo maana unatazama mara mbili: kwanza dakika tano akiwa ametulia, halafu wakati anageuzwa, anainuliwa, anaoshwa. Kelele zikianza anapoona ndoo, pasha maji moto, mfunike kanga, muoshe kipande kimoja kimoja. Zikianza pale unapoinua mguu, jibu unalo mkononi. Maumivu ya mifupa na viungo hujificha mtu akiwa amelala kimya. Daktari akimwona kitandani asubuhi atasema mgonjwa hana shida.

Nunua daftari la shule. Usiandike "mama amesumbua." Andika hivi: "Jumanne, saa 1 asubuhi, kumgeuza kulia: alikunja uso, alikaza ngumi, alisema 'wee!', alitulia baada ya dakika 10 ubavu wa kushoto. 7." Mistari miwili inatosha, asubuhi na jioni. Kule kituoni ulisema mama anasumbua na halali, na dawa uliyopewa inajibu neno hilo hilo: kusumbua. Ukifika na daftari ukasema "tangu alipoanguka, akiguswa paja la kulia anapiga kelele, akilala kushoto ananyamaza, na ameacha kazi aliyoifanya kila asubuhi," daktari atakwenda moja kwa moja kwenye mguu.

Kuhusu diazepam, ulifanya vizuri kuacha baada ya siku mbili. Inazima kelele na kuacha maumivu palepale, na mzee aliyelewa dawa huanguka tena. Usimrudishie kabla daktari hajajua habari ya kuteleza. Diklofenaki irudishe au ifungie. Kwa mzee mwenye presha dawa za kundi hilo zinaweza kupandisha presha, kuumiza figo na kutoboa tumbo, na nyingine zinapambana na dawa za presha zenyewe.

Kinachoanza kwa kawaida ni paracetamol, hii tunayoiita Panadol hata ikiwa ya kampuni nyingine. Kwa mzee mwembamba wengi huanza na kidonge kimoja cha miligramu 500 kila baada ya saa sita mpaka nane, lakini kipimo cha mama akithibitishe daktari, hasa kama amepungua sana uzito au aliwahi kuugua ini, na usimpe dawa ya mafua yenye paracetamol ndani yake kwa wakati huo huo. Siri iko kwenye saa. Usingoje alie, kwa sababu hatakuja kukuomba. Mpe kwa saa zake, mchana na usiku, na dozi ya asubuhi iwe kama saa moja kabla ya kuoga. Endelea kuandika daftari vile vile kwa siku kadhaa. Namba ikishuka kutoka 8 hadi 3, umepata ushahidi ambao hakuna kaka atakayeubishia. Isiposhuka, rudi hospitali: pengine maumivu ni makubwa kuliko kidonge, kama ilivyo kwa mfupa uliovunjika, na hapo kuna dawa nzito zaidi ambazo mama ana haki nazo kama mgonjwa mwingine yeyote.

Sikutungii jambo hili la kujaribu dawa na kutazama. Norway, mwaka 2011, walichukua wakazi 352 wa vituo 18 vya wazee, wote wana dimenshia na fadhaa kama ya mama. Nusu walipewa dawa za maumivu kwa utaratibu, wengi wao paracetamol tu. Baada ya wiki nane fadhaa kwao ilikuwa imeshuka waziwazi kuliko kwa wenzao. Wazee wale hawakuwa na ukali mpya. Walikuwa na maumivu ya zamani.

Ikitokea nyonga ni nzima, mpekue mama kutoka juu mpaka chini, taratibu, mchana kwenye mwanga. Tazama mdomoni kwa tochi, usirudie kosa langu. Masikio. Mgongo na mbavu, kwa malengelenge ya mkanda wa jeshi. Tumbo: amepata choo lini mara ya mwisho? Siku tano bila choo zinaweza kumtoa mzee akilini. Mkojo: unatoka, unachoma, una harufu, au tumbo la chini limejaa kama ngoma? Makalio, nyonga na visigino, kwa vidonda vya kulalia, hasa sasa analala upande mmoja tu. Vidole na kucha za miguu.

Kaka yako wa pili simlaumu. Ameona mama mpole amebadilika ghafla, naye anatafuta sababu kwa njia anayoijua. Mwambie kwamba ugonjwa huu upo kwa wazee wengi wa nchi hii; wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea wakakuta zaidi ya 6 katika kila 100 wanao. Dua na kisomo haviwezi kumdhuru mama, mkitaka asomewe asomewe akiwa amelala vizuri. Lakini moshi wa mafusho, kushikwa kwa nguvu na kutikiswa kwa ngoma, hapana. Kama mfupa umevunjika, mtaumaliza. Mpe kaka kazi: yeye ndiye atafute gari. Na yule mkubwa alale kwa mama usiku mmoja na daftari, aandike mwenyewe.

Ikigundulika mfupa wa mama umevunjika, watazungumza nanyi habari ya upasuaji. Msikubali wala kukataa kwa sababu ya umri peke yake. Ulizeni mkifanya itakuwaje, msipofanya itakuwaje, na maumivu yatatulizwaje kwa njia zote mbili.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakimo kwenye PAINAD, wewe peke yako ndiye unacho. Ni ule ukili. Kila siku, dawa ikishaingia, mwekee fungu la miyaa pembeni, asilazimishwe. Siku vidole vitakapolivuta na kuanza kusuka, iandike hiyo kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, na saa yake.

Niandikie picha ikishatoka, hata kwa mistari miwili. Nitaisubiri.